Umeanza Chuo kwa Alama Mbaya na Bado Unautaka Udaktari? Vidokezo 12

Katika vyuo vingi vya Marekani, majibu ya muhula wa kwanza hutoka Desemba, wakati ule ule simu za kutoka nyumbani zinapoongezeka. Krismasi imekaribia. Shangazi wa Moshi anataka kujua masomo yanaendaje, mjomba wa Mombasa ameshaanza kukuita daktari. Wewe umejifungia chumbani unatazama alama: kemia C+, biolojia B-, kalkulasi C, uandishi A-. Wastani wako ni 2.6, nawe sekondari hukuwahi kushuka chini ya tatu bora.

Alama hizo zinauma, na zitabaki kwenye rekodi yako. Lakini kinachowaangusha wengi huja baada yake, nacho ni haraka. Kuna haraka ya kuficha, haraka ya kujaza masomo muhula unaofuata ili kufidia, haraka ya kurudia kila somo, na haraka ya kukalia mtihani mkubwa kabla hujawa tayari. Vidokezo hivi ni vya kijana wa Kiswahili aliyeko chuo cha Marekani, awe amekulia Minneapolis au ametua mwaka huu kutoka Arusha, Kisumu au Bukavu. Mzazi naye asome, hasa namba 9.

1. Usiamue jambo kubwa wiki ya majibu

Siku ya kwanza ni ya kulia, kulala na kula chakula cha maana. Si siku ya kubadili kozi, kuacha chuo, wala kumwandikia profesa barua pepe saa nane ya usiku ukimwomba akuongezee alama. Uamuzi unaofanywa na aibu mara nyingi huwa na lengo moja tu, kuiondoa aibu hiyo haraka, na unaweza kukugharimu miaka.

Jambo pekee la kuwahi ni kuangalia tarehe. Tafuta kwenye kalenda ya chuo siku ya mwisho ya kubadili masomo ya muhula ujao, siku ya mwisho ya kujiondoa kwenye somo, na siku ambayo ofisi ya mshauri wa masomo itafunguliwa. Ziandike mahali utakapoziona. Mengine yatasubiri wiki moja bila kuharibika.

2. Fanya hesabu yenyewe, usihesabu kwa hofu

Hofu hukwambia kwamba kila kitu kimekwisha. Chukua kalamu. Shahada ya kwanza huwa na krediti zipatazo 120, kwa hiyo muhula mmoja wa krediti 15 ni sehemu moja tu ya nane. Krediti 15 kwa wastani wa 2.6 ni pointi 39. Ukisoma krediti 105 zilizobaki kwa wastani wa 3.8, unaongeza pointi 399. Jumla ni 438. Gawanya kwa 120, unapata 3.65. Hata kama mwaka mzima wa kwanza ulikwenda kwa 2.6, miaka mitatu ya 3.8 itakufikisha 3.5.

Je, 3.5 inatosha? Miaka ya karibuni, wanaopokelewa kwenye vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD wamekuwa na wastani unaokaribia 3.8. Kumbuka kwamba huo ni wastani, na kila mwaka wapo wanaoingia wakiwa chini yake. Tena wanaosoma maombi yako hawaoni namba moja tu. Mfumo wa pamoja wa maombi, AMCAS, hupanga wastani wako mwaka kwa mwaka, kisha huonyesha peke yake wastani wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Msomaji wa faili lako ataona kwa jicho moja kama ulianza chini ukapanda, au ulianza juu ukashuka. Aliyepanda ana jambo la kueleza, nalo limeandikwa na chuo chake mwenyewe.

Hesabu hii ina upande wa pili. Kila muhula mwingine wa 2.6 unaufanya mlima kuwa mkali zaidi. Ndiyo sababu vidokezo vinavyofuata vinahusu muhula ujao kabla ya jambo jingine lolote.

3. Tafuta chanzo kabla ya dawa

Daktari hatoi dawa kabla ya vipimo, nawe usijiandikie "nitasoma zaidi" kabla ya kujua ulipougulia. Rudi kwenye karatasi zako za mitihani. Kama hukurudishiwa, omba kuziona. Pitia kila swali ulilokosa na uliweke kwenye fungu lake. Je, hukuwa umelisoma kabisa? Ulilisoma ukalisahau? Ulilielewa lakini ukashindwa kulitumia kwenye mfano mpya? Hukuelewa Kiingereza cha swali? Uliishiwa muda?

Mafungu hayo yatakupa majibu ambayo lawama haziwezi kukupa. Mwenye makosa mengi ya kuishiwa muda anahitaji mazoezi ya saa, hahitaji kitabu kipya. Aliyekwama kwenye kemia kwa sababu hesabu za logariti na uwiano hazijakaa sawa, tatizo lake liko kwenye hisabati na linaweza kurekebishwa likizo hii. Mwenye makosa yaliyorundikana wiki za Oktoba, mwezi aliougua au aliokuwa na shifti nne za usiku, tatizo lake huenda haliko kwenye somo kabisa.

4. Rudi kwenye pasti pepa

Wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki tulikuzwa na mitihani ya miaka iliyopita. Kidato cha nne kilikuwa kufunika kitabu, kujibu maswali, kusahihishana na kurudia. Tukifika chuo tunapewa slaidi nzuri na kitabu cha kurasa elfu moja, tunaanza kupaka rangi mistari na kusoma sura ile ile mara tatu. Tunahisi tumeelewa kwa sababu maneno yamezoeleka machoni.

Utafiti unaunga mkono njia ya zamani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walisoma maandishi na kuyarudia, wengine wakasoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokuwa mbele. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo muhula ujao, kila baada ya mhadhara, funga daftari na uandike kwenye karatasi tupu yale unayokumbuka, ndipo ufungue uone ulichoacha. Fanya maswali ya mwisho wa sura kabla ya kutazama majibu. Gawanya marudio kwenye siku kadhaa badala ya kukesha usiku mmoja. Na utafute watu wawili au watatu wa kusoma nao, ambao kila mmoja lazima amfundishe mwenzake sehemu fulani kwa mdomo. Fundisheni kwa Kiswahili mkitaka, kisha mrudie kwa Kiingereza. Utakapokwama katika kueleza, hapo ndipo ambapo bado hujaelewa.

5. Mfuate profesa ofisini

Kwa malezi ya wengi wetu, kuitwa ofisini kwa mwalimu kulimaanisha kosa. Wanafunzi wetu hupita mlangoni pa profesa muhula mzima bila kubisha, kwa heshima. Marekani mambo ni tofauti. Kwenye silabasi kuna saa maalumu ambazo profesa amekaa akisubiri wanafunzi, na mara nyingi hakuna anayekwenda hadi wiki ya mtihani. Kwenda si kumsumbua, na si kujidhalilisha.

Usiende na sentensi ya "sielewi chochote." Nenda na swali moja ulilolijaribu, karatasi ikionyesha ulipofika na ulipokwama. Muulize, "Nilifikiri hivi, nimekosea wapi?" Rudi wiki inayofuata na lingine. Wasaidizi wake wa ufundishaji nao wana saa zao, na vyuo vingi vina kituo cha kufundishia ambacho gharama yake tayari imo kwenye ada.

Kuna faida nyingine inayokuja baadaye. Vyuo vya udaktari hutaka barua za mapendekezo, na vingi hutaka baadhi zitoke kwa walimu wa sayansi. Profesa aliyekuona ukianza na C+ na kuja kila wiki hadi ukapata A ana barua ya kweli ya kuandika. Yule uliyepata A kwake bila kuzungumza naye hata mara moja atajaza nusu ukurasa.

6. Panga muhula ujao uwe unaowezekana

Hapa ndipo haraka inapouma zaidi. Baada ya muhula mbaya, kijana hujiandikisha krediti 18 akiweka pamoja kemia ogania, fizikia na biolojia, ili "kurudisha heshima." Mwezi wa pili anazama tena, na sasa ana mihula miwili ya kueleza badala ya mmoja.

Chukua masomo mawili ya sayansi yenye maabara, yasizidi hapo, kisha jazia na masomo yanayokupa nafasi ya kupumua. Muhula mmoja imara una thamani kuliko mihula miwili ya kishujaa. Kama katikati ya muhula unaona somo linaelekea kwenye D, zungumza na mshauri kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Herufi W moja kwenye transkripti haiingii kwenye hesabu ya wastani na haimshtui mtu. Zikiwa nyingi zitaulizwa.

Kabla ya kupunguza, angalia mambo mawili. Mwenye viza ya F-1 kwa kawaida lazima awe na angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida. Kushuka chini ya hapo kunahitaji idhini ya afisa wa wanafunzi wa kimataifa, na idhini hiyo ipatikane kabla, si baada. Mwenye msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho naye ana masharti ya maendeleo. Vyuo vingi hutaka wastani usioshuka chini ya 2.0 na ukamilishe takriban theluthi mbili ya krediti unazojiandikisha. Ofisi hizo mbili, ya wanafunzi wa kimataifa na ya misaada ya masomo, zitembelee wewe mwenyewe. Usitegemee habari za mwenzako wa chumbani.

7. Usikimbilie kurudia somo

"Nitarudia kemia nipate A, ile C+ ifutike." Haifutiki. Chuo chako kinaweza kuwa na sera ya kubadilisha alama, lakini AMCAS huhesabu alama zote mbili, ya zamani na ya sasa. Vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada ya udaktari ya DO, viliwahi kuiacha alama mpya ichukue nafasi ya ile ya mwanzo, lakini mfumo wao wa maombi uliachana na utaratibu huo mwaka 2017.

Basi tumia kipimo hiki. Kama ulipata D au F, au C- ambayo vyuo vingi vya udaktari havikubali kwa somo la sharti, rudia. Kama ulipata C au C+, mara nyingi ni bora uende somo la juu yake na ulifanye vizuri. A ya baiokemia inasema mengi kuhusu ile C+ ya kemia ya mwaka wa kwanza. Lakini uwe mkweli: kama msingi ni mbovu kiasi kwamba hujui kwa nini asidi moja ni kali kuliko nyingine, utazama kwenye kemia ogania. Tumia majira ya joto kuujenga msingi huo, hata bila kusajiliwa popote.

8. Tazama upya saa za boksi

Tuseme wazi jambo ambalo washauri wengi wa vyuo hawalioni. Vijana wengi wa kwetu wanasoma huku wanabeba boksi. Wanafanya kazi za ghala, za usafi, na hasa za kutunza wazee kama wasaidizi wa wauguzi, wakitoka shifti saa moja asubuhi na kuingia maabara saa tatu. Pesa hiyo inalipa kodi ya nyumba, na nyingine inavuka bahari kulipa ada ya mdogo wao. Kumwambia mtu kama huyo "acha kazi" ni kutomjua.

Badala yake, uliza kama kazi inaweza kuhama. Shifti mbili za mwisho wa wiki badala ya usiku wa katikati ya wiki. Saa nyingi wakati wa likizo na chache wiki za mitihani. Kazi ndani ya chuo, maktaba au maabara, isiyokula saa mbili za basi. Kwa wenye F-1, kazi za nje ya chuo bila kibali zinahatarisha hadhi yao, na za ndani zina kikomo cha saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea.

Tena usiidharau kazi yenyewe. Kumgeuza mzee kitandani, kumlisha na kumsikiliza usiku ni uzoefu wa kliniki, na vyuo vya udaktari huutafuta. Fomu ya maombi ina sehemu ya kuandika saa ulizofanya kazi. Anayesoma faili ataelewa kwamba 3.5 ya mtu aliyefanya kazi saa 25 kwa wiki ina uzito wake. Andika saa zako tangu leo, pamoja na jambo moja ulilojifunza kila mwezi.

9. Waambie nyumbani mapema, na uwaeleze mfumo

Sehemu kubwa ya uzito unaoubeba imetoka kwenye tofauti ya mifumo. Muhimbili, kijana huingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita na kusoma miaka mitano. Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka sita. Kwa hiyo baba akisikia uko chuoni na unataka kuwa daktari, anaamini umeshaanza. Marekani utasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya fani yoyote mradi umalize masomo ya msingi ya sayansi. Ndipo unapoomba chuo cha udaktari cha miaka minne, kisha mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu hadi saba kutegemea ubingwa. Waeleze hivyo, na muhula mmoja utaonekana kwa ukubwa wake halisi.

Kisheria alama ni zako. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayoitwa FERPA inakizuia chuo kuwapa wazazi rekodi zako bila idhini yako, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Lakini sheria haiponyi moyo, na siri huhitaji siri nyingine ili isimame. Piga simu, salimia, na useme kwa ufupi:

"Shikamoo mama. Nina jambo la masomo. Muhula huu sikufanya vizuri, kemia nimepata C+. Nimeshajua nilipokosea, nimeonana na mshauri, na hivi ndivyo nitakavyofanya muhula ujao. Naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu uniombee."

Nawe mzazi, jibu "marahaba mwanangu" na umsikilize kweli. Mtoto aliyekupigia mwenyewe kukwambia habari mbaya amekuamini. Usimlinganishe na binti wa jirani. Muulize anakula nini, analala saa ngapi, na kama pesa anazotuma nyumbani zinaweza kupungua hadi Mei. Na mjomba anayemwita daktari, mwombe asubiri kidogo.

10. MCAT haina haraka

MCAT ni mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari. Una sehemu nne, kila moja ikipimwa kati ya 118 na 132, kwa jumla ya kati ya 472 na 528. Siku ya mtihani, pamoja na mapumziko, huchukua takriban saa saba na nusu. Wanaopokelewa kwenye vyuo vya MD huwa na wastani wa kama 511 au 512.

Mwenye wastani wa chini hushawishika kuukimbilia mtihani huu ili uuokoe wastani huo. Unaweza kusaidia sana, lakini kwa aliyejiandaa tu. Huruhusiwi kuufanya zaidi ya mara tatu kwa mwaka, mara nne ndani ya miaka miwili mfululizo, na mara saba maishani, na vyuo huona matokeo yako yote. Ada yake inazidi dola 300. Maliza kwanza baiokemia, fizikia na saikolojia. Kisha fanya mitihani kamili ya mazoezi ya AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari inayoutunga, na usiende kwenye mtihani wenyewe kabla alama za mazoezi hazijakaa pale unapozitaka. AAMC pia ina mpango wa kupunguza ada kwa wenye kipato kidogo, unaowapokea raia, wakazi wa kudumu, na pia waliopewa hadhi ya ukimbizi. Familia nyingi za Wakongo na Warundi zinaingia hapo na hazijui.

Unachoweza kuanza leo ni kusoma. Sehemu moja ya MCAT haina sayansi hata kidogo. Ni vifungu virefu vya falsafa, historia na sanaa, vyenye maswali juu ya hoja ya mwandishi. Kwa aliyekua akizungumza Kiswahili nyumbani, makala moja ndefu ya Kiingereza kila siku kwa miaka miwili ni maandalizi yasiyonunulika.

11. Linda usingizi na moyo wako

Huzuni ya wiki moja baada ya majibu ni ya kawaida. Kama wiki zinapita na huamki kwenda darasani, huli, hutaki kuonana na mtu, au unaona afadhali usingekuwepo, hilo limevuka mambo ya alama na linahitaji msaada sasa. Vyuo vingi vina washauri nasaha wa bure au wa gharama ndogo. Tangu Julai 2022, popote Marekani, unaweza kupiga 988 wakati wowote, mchana au usiku, ukazungumza na mtu. Kutafuta msaada huo si wazimu, wala si upungufu wa imani.

Jenga pia mambo madogo yanayomshikilia mtu: ibada ya Ijumaa au Jumapili, mpira na wenzako, sufuria ya wali na maharage mnayopika kwa zamu. Mwanafunzi anayelala kwa saa saba hukumbuka zaidi ya yule aliyekesha. Utakuwa daktari wa kuwaambia wagonjwa walale. Anza na wewe.

12. Zijue njia nyingine, na ujiulize kwa ukweli

Wanaoanza vyuo vya udaktari Marekani huwa na umri wa kama miaka 24, na wengi wao hawakuingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Mwaka mmoja au miwili ya kazi hospitalini, utafiti, au masomo ya ziada baada ya shahada ni jambo la kawaida. Zipo programu za kuinua rekodi ya sayansi kwa wenye shahada tayari, na zipo shahada za uzamili zinazofundisha masomo yaleyale ya mwaka wa kwanza wa udaktari. Za aina ya pili ni ghali na hazisamehi, kwani ukifanya vibaya humo umefunga mlango uliokuwa wazi nusu.

Vyuo vya DO ni udaktari kamili. Wahitimu wake wanatibu na kupasua kama wenzao wa MD, na tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya pande zote mbili yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Kuwa mwangalifu na vyuo vya nje vinavyopokea kila aombaye. Kabla ya kulipa, uliza wangapi walioanza wanahitimu, na wangapi wanapata nafasi za mafunzo Marekani. Na wewe usiye raia wala mkazi wa kudumu, jua mapema kwamba vyuo vya MD vinavyokupokea ni vichache, na baadhi hudai uthibitisho wa pesa za miaka yote minne. Orodha yako ianze na hivyo.

Mwisho, jiulize kama bado unautaka udaktari, au unataka tu kutomwangusha aliyekwambia uwe daktari. Nenda ukajitolee kliniki, umfuate muuguzi kazini siku nzima, umfuate mfamasia, mtaalamu wa maabara, mtu wa afya ya jamii. Ukigundua kwamba moyo wako uko kwenye uuguzi, hujashindwa. Wagonjwa wanahitaji muuguzi aliyeichagua kazi yake. Ukitoka hapo bado unautaka udaktari, sasa unautaka kwa sababu yako mwenyewe, na sababu hiyo ndiyo itakayokuamsha siku ya mtihani wa kemia ogania.

Ya kufanya wiki hii

Yafuatayo yanatosha kwa sasa:

- Pata karatasi zako za mitihani na uyagawe makosa kwa mafungu.
- Weka miadi na mshauri wa masomo, na kama una F-1, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.
- Punguza ratiba ya muhula ujao iwe na masomo mawili ya sayansi.
- Zungumza na msimamizi wako wa kazi kuhusu shifti.
- Piga simu nyumbani.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji akili zaidi ya uliyonayo. Kila moja linahitaji ukweli kidogo na subira nyingi, na hizo ndizo utakazoombwa kila siku ukishavaa koti jeupe. Kamati ya chuo cha udaktari itauliza ulifanya nini baada ya muhula ule. Jibu lako unaanza kuliandika Januari, siku ya kwanza ya masomo.